Buibui wa Kumzika Bi Otylia

Mtu mwingine yeyote akija dukani kwangu kuomba nyenje wawili namfukuza. Nyenje nauza kwa boksi, hamsini humo ndani, na anayetaka kuhesabiwa mmoja mmoja aende akawakamate mwenyewe kwenye nyasi za reli. Lakini Bi Otylia Gawlik nilimhesabia, kila Jumamosi ya pili, kwa muda wa miaka mitatu, na sababu ya yeye kuwa mteja wangu ni kosa langu mimi. Nalisema hapa kwa kuwa sijawahi kulisema popote. Tena mtaani kwetu watu wanasimulia habari zake kwa kucheka, bibi kizee na buibui wake, na kicheko hicho kinanikera mpaka natamani kumtia mtu kofi.

Naitwa Zygmunt, Zyga kwa wote. Duka langu liko mjini Bytom, ghorofa ya chini, hatua chache kutoka kituo cha tramu. Nauza matangi ya vioo, magome ya miti, taa za joto, na chakula cha wanyama wa kufugwa ambao wake za wafugaji hawawapendi. Buibui wakubwa wenye manyoya ndio ninaowajua zaidi. Nina miaka ishirini na sita katika kazi hii na kwa muda mrefu nilijiona bingwa. Ukitaka kujua mtu atakosea wapi, mtazame pale anapojiona bingwa.

Bernard Gawlik alikuwa dereva wa tramu, mtoto pekee wa mama mjane, mwanamume wa miaka thelathini na kitu ambaye bado aliishi na mama yake na hakuona haya. Buibui wake alimnunua kwetu, kwenye soko la wafugaji linalofanyika Jumapili moja kila mwezi, akiwa mdogo kama punje ya dengu. Ni wale wenye magoti mekundu, wapole, wanaokua polepole. Akampa jina la Malwina kabla mtu yeyote hajajua kama ni jike au dume.

Jambo hilo kwetu si dogo. Jike la aina ile huishi miaka ishirini na mitano, wengine hufika thelathini. Dume hukua miaka kadhaa, akajivua ganda mara ya mwisho, akatoka ameshapevuka, na baada ya hapo ana mwaka mmoja hivi, mara nyingi hata haufikishi. Kwa hiyo buibui akijivua, mwenyewe huokota lile ganda tupu na kumpelekea mtu mwenye hadubini. Unaliloweka kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, linalainika, unalitandaza, unatafuta kifuko kidogo upande wa ndani wa tumbo. Kikiwapo ni jike. Kisipokuwapo, dume.

Mwenye hadubini nilikuwa mimi. Bernard alileta ganda la Malwina Jumapili ya soko, kukiwa na foleni ya watu kumi mbele ya meza yangu, na lilikuwa limechanika palepale panapotazamwa. Niliona mkunjo uliofanana na kifuko. Mtu mwangalifu angesema, sijui, niletee la mara nyingine. Mimi nikasema jike. Hata "nadhani" sikutanguliza.

Bernard akampigia mama yake simu palepale mezani. "Mama, ni jike. Huyu ndiye atakayekuzika." Akasikiliza kidogo, akacheka, akatugeukia. "Anasema basi nimfundishe kuvaa nguo nyeusi."

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, Bernard alifia bafuni. Nyumba zetu za matofali mekundu ni kuukuu, maji ya kuoga yanachemshwa na boila ya gesi ukutani, na juu ya mlango kuna tundu la hewa. Tundu hilo huingiza baridi kali. Hakuna mama wa mtaa ule ambaye hajawahi kuliziba walau siku moja, na Bi Otylia aliliziba kwa taulo ili mwanawe akitoka zamu ya alfajiri asioge akitetemeka. Mama mwenyewe alikuwa amekwenda kununua mikate. Boila ikikosa hewa hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi, na kijana alikutwa amekaa ndani ya beseni kubwa la kuogea kana kwamba anapumzika. Malwina alikuwa chumba cha pili na hakudhurika.

Wiki mbili baada ya mazishi Bi Otylia aliingia dukani amebeba tangi la kioo lililofungwa kwenye mfarishi wa manyoya ya bata. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyefanya kazi jikoni kwenye kantini maisha yake yote.

"Chukua," akasema. "Kidudu chenu hiki. Sitaki hela."

"Pole sana, Bi Otylia."

"Pole nimeshapewa za kutosha. Kwenye tramu wamenikimbia wote kama nimebeba bomu. Chukua basi, mikono inaniuma."

Sikujua la kusema, na mimi nisipojua la kusema huwa nazungumzia buibui. Nikamwambia kwamba ni mnyama mwenye afya, kwamba Bernard alimtunza vizuri, kwamba ataishi sana.

"Sana ndiyo miaka mingapi?"

"Majike kama hawa, ishirini na mitano. Wako ana mitano tu."

Akawa anagusa ukingo wa meza kidole kwa kidole. "Mimi nina sitini na saba," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo nitatangulia mimi."

"Bila shaka."

Akaufunga tena ule mfarishi kuzunguka kioo, taratibu, pembe kwa pembe. "Sikiliza, Zyga. Taulo lile nililiweka mimi. Mtaa mzima unajua, na wewe unajua, usijifanye kuangalia dari. Kitu kingine cha kufia mikononi mwangu sikitaki, hata kama ni maua ya dirishani, nimeyagawa yote. Lakini hiki kilikuwa cha Bernard, na unaniambia kitaniona mimi nikienda. Cha namna hiyo naweza kukaa nacho. Anakula nini?"

Hivyo ndivyo alivyomchukua. Hakumchukua kwa kumpenda, alimchukua kwa ile hesabu ya miaka, na hesabu nilimpa mimi.

Nilimfundisha yote. Nyenje mmoja kwa wiki anatosha. Maji kwenye kisahani, udongo mkavu, joto la kawaida la chumba. Na sharti moja kubwa, ambalo nililirudia mara tatu: nyenje asipoliwa, mtoe. Usimwache ndani. Buibui anapojivua huwa laini kama jibini bichi, hawezi kujitetea, na nyenje akishikwa na njaa atamtafuna akiwa hai. Aliandika maneno hayo kwenye karatasi akaibandika mlangoni mwa friji, chini ya picha ya Bikira Maria.

Mwanzoni alifunika macho kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukidondosha nyenje kwa koleo ya kugeuzia nyama. Baada ya miezi michache akawa anatazama. Baada ya mwaka tangi lilihamia meza ya kulia, upande aliokuwa akikaa Bernard, na Jumapili alipokula rolada yake, ile nyama ya kukunja, na kabichi jekundu alikuwa akizungumza nalo. Jirani yake, Truda wa ghorofa ya pili, alimsimanga ngazini mbele ya watu.

"Otylia, umeshindwa kufuga paka kama wenzako?"

"Paka angekula nyama yangu," Bi Otylia alimjibu. "Huyu anakula nyenje mmoja kwa wiki, na hajawahi kunisengenya kwa majirani."

Baada ya Krismasi padri huzunguka nyumba kwa nyumba kubariki. Mwaka ule alikuwa padri kijana, mgeni. Bi Otylia alinisimulia mwenyewe, akiwa ameegemea meza yangu. Padri aliona tangi, akarudi nyuma nusu hatua, akauliza, "Na huyu ni nani, mama?"

"Malwina. Mkatoliki mzuri, ila Ijumaa hafungi."

Padri akanyunyiza maji ya baraka akiwa amesimama mlangoni. Bi Otylia alipofika hapo alicheka, na sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku hiyo. Nilifurahi. Nilijiambia, tazama Zyga, umemrudisha mtu duniani.

Mwaka wa tatu, mwishoni mwa Septemba, Malwina aliacha kula. Nilimwambia Bi Otylia asihangaike, anakaribia kujivua. Siku yenyewe ikaangukia tarehe mosi Novemba, Siku ya Watakatifu Wote, ambapo hapa kwetu hata mlevi hunyoa ndevu akaenda makaburini na mishumaa. Saa nne asubuhi simu yangu ikalia.

"Yuko chali," akasema. "Miguu juu."

"Ndivyo wanavyojivua. Usimguse, usitikise meza. Wewe nenda zako makaburini."

"Siendi."

"Bi Otylia, itachukua masaa."

"Bernard hatatoka alipo. Huyu simwachi peke yake."

Alikaa naye mpaka alasiri, hakusogeza hata kikombe. Truda alizunguka mtaa mzima akisema mama gani huyu, mwanawe kaburini bila mshumaa na yeye anamlinda mdudu. Kesho yake Bi Otylia alinipigia kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani: ametoka mzima, rangi zimeng'aa, miguu yote minane ipo.

Wiki tatu baadaye akamleta ili nimwone. Alivaa koti lake la kanisani. Akafungua ule mfarishi na kusema, "Tazama alivyokuwa mrembo. Amerefuka miguu kama msichana."

Nilitazama. Miguu ilikuwa imerefuka kweli, na mwili umekonda. Chini ya miguu ya mbele kulikuwa na ndoano ndogo mbili, na vigusio, vile vijiguu viwili vya kupapasia vilivyo karibu na mdomo, vilikuwa vimevimba nchani kama glovu za bondia. Mtoto wa shule anayefuga buibui angejua. Lilikuwa dume lililopevuka.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mwanamke amesimama mbele yangu, mlango umefungwa, hakuna foleni. Badala yake nilisema, "Ni mzima kabisa. Ila naona ana utitiri kidogo. Niachie siku mbili nimsafishe."

"Siku mbili?"

"Mbili tu."

Aliniachia. Kumbe kwenye rafu za nyuma nilikuwa na jike halisi, magoti mekundu, umri uleule, wa kuzalisha, niliyemlea mwenyewe. Nilimhamishia kwenye tangi la Malwina, kwenye udongo uleule na gome lilelile. Niliona ni jambo la huruma, na bado nadhani huruma ilikuwamo. Ilikuwamo na hofu ya kuonekana mjinga, na sijui ipi ilikuwa kubwa kuliko mwenzake. Bi Otylia alikuja Jumamosi, akamfunga kwenye mfarishi, akanishukuru, akaniachia kipande cha keki ya jibini. Keki nilikula.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu, kabla sijawasha taa zote, alikuwa mlangoni. Aliweka tangi mezani bila salamu.

"Huyu ni nani?"

"Malwina."

"Zyga, nimezaa mara moja tu, lakini kipofu sijawa."

"Wakishajivua hubadilika, mama, hata tabia..."

"Wangu nikigonga kioo kwa pete huinua miguu miwili ya mbele, ananijibu. Huyu amenigeuzia matako tangu juzi. Yuko wapi wangu?"

Nikamleta. Alikuwa kwenye boksi la plastiki, anazunguka ukutani bila kusimama, kama wafanyavyo madume waliopevuka wanaotafuta jike usiku na mchana. Nikamwambia kila kitu, kuanzia foleni ya Jumapili ile. Alinisikiliza amesimama, hakukubali kiti.

"Bernard alijua?" akauliza.

"Hapana. Alikufa akiamini ni jike."

"Na mimi siku ile nimekuja na mfarishi, ulijua?"

"Siku ile nami niliamini. Nimejua juzijuzi tu, ulipomleta."

"Ukaona heri uniibie."

Akauliza amebakiza muda gani. Nikasema mwaka, pengine miezi sita. Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu anayeambiwa bei.

"Mchukue na jike pia," nikasema. "Bure. Huyo kweli amebakiza miaka ishirini."

"Huyo ni wako. Bernard hakumnunua huyo."

Kulikuwa na jambo moja la mwisho, nikalitoa. Wafugaji wana desturi ya kuazimana madume. Mwenye dume humpeleka kwa mwenye jike, na wakipata watoto wanagawana nusu kwa nusu. Nikamwambia tungeweza kumweka na jike langu, na baada ya miezi kadhaa angepata watoto wa Malwina mia mbili, na majike miongoni mwao.

"Na yeye mwenyewe?"

"Wapo majike ambao humla dume baadaye. Lakini mimi ningesimama hapo na koleo ndefu, nikawatenganisha."

"Wewe, na koleo." Akaanza kuufunga ule mfarishi. "Hapana. Kuanzia leo, Zyga, wewe niuzie nyenje. Maneno yako baki nayo."

Na kweli alirudi kununua nyenje. Aliendelea kumwita Malwina, nami sikuthubutu kusahihisha. Lakini kila alipokuja niliona uso wake unapungua. Dume aliyepevuka hula kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu hali kabisa, na hakuna dawa. Ilipofika Januari Malwina hakugusa chochote. Bi Otylia alijaribu nyenje wadogo, akajaribu funza, akapasha maji ya kisahani, akasogeza tangi karibu na jiko la makaa.

"Jana nimempa chembe ya rolada," aliniambia, akitazama pembeni.

"Hawezi kula rolada, mama."

"Najua hawezi. Nisifanye kitu?"

"Hakuna cha kufanya. Wanamalizika hivyo. Hana maumivu."

"Umemuuliza?"

Nilimkumbusha asiache nyenje ndani. Akasema, "Karatasi iko kwenye friji, naisoma kila siku." Nami nikawa nimemaliza wajibu wangu, nikamfungia wawili kwenye karatasi.

Ilikuwa Kwaresima, Jumatatu ya kwanza ya Machi, aliponijia bila kitambaa kichwani, na mwanamke wa rika lake huku kwetu hatoki hivyo hata kwa moto. Alishika kopo la majarini kwa mikono miwili. Safari hii aliketi bila kuambiwa.

"Jana mchana nilimkuta amesimama kwenye kisahani cha maji," akasema. "Siku nne hakusogea, jana akasogea. Nikasema labda njaa imemrudia, ila anaona haya nikimtazama. Bernard alikuwa hivyo utotoni, ukimtazama hali. Nikamwekea nyenje. Nikasema nitakwenda ibada ya jioni, nitarudi, nitamtoa kama hajaliwa. Masaa mawili tu, Zyga. Nimerudi nimemkuta nyenje yuko juu yake anatafuna."

Akasukuma kopo kuelekea kwangu.

"Sikuja kulia. Nataka unitazamie kitu kimoja. Alikuwa amekufa tayari, au nyenje ndiye aliyemuua?"

Nilichukua kopo nikaenda nalo chini ya hadubini, na safari hii sikuwa na haraka na mtu yeyote. Nilifunga mlango wa duka kwa ufunguo. Nilitazama kwa nusu saa. Miguu yote minane ilikuwa imejikunja chini ya kifua, imekaza, ndivyo buibui anavyojikunja akifa mwenyewe, polepole, maji ya mwili yakimwisha. Nyenje alikuwa ametafuna mgongo tu na upande mmoja wa tumbo, sehemu ambazo angezifikia juu ya mwili uliokwisha kujikunja na kukauka. Na hapakuwa na damu. Buibui aliye hai akijeruhiwa hutoka damu ya buluu hafifu, inaganda ukingoni mwa jeraha, huwezi kuikosa. Nilitafuta kila tundu. Kingo zote zilikuwa kavu, safi, kama karatasi iliyotafunwa. Alikuwa amekufa saa nyingi kabla ya nyenje kuingia, pengine palepale kwenye kisahani, huku mama akidhani amesimama kunywa.

Sijawahi kuwa na hakika ya jambo lolote kama nilivyokuwa na hakika ya hilo. Moyo ulinidunda kwa furaha, nakiri, nilimrudia nusura nikimbie.

"Bi Otylia, alikuwa ameshakufa. Alikufa mwenyewe, kwa uzee wake. Nyenje amekuta maiti. Si wewe."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoanza kunitisha.

"Ndivyo ulivyoona?"

"Ndivyo nilivyoona. Hakuna damu. Angekuwa hai kungekuwa na damu."

"Umeona kwa hadubini ile."

"Ileile, ndiyo, lakini—"

"Wewe una roho nzuri, Zyga," akasema. "Mara ile uliponibadilishia pia hukutaka nilie."

"Safari hii ni kweli, mama. Naapa kwa Mungu."

"Sawa, mwanangu."

Alilisema kama anavyoambiwa mtoto anayeahidi kwamba hatarudia. Nikamshika mkono, nikamkokota mpaka kwenye hadubini, nikamwambia atazame mwenyewe. Akainama, akafumba jicho moja, akatazama kwa adabu.

"Naona vumbi na nywele," akasema.

"Pale, ukingoni, tazama palivyo pakavu."

"Sijui nitazame nini, Zyga. Mimi nilikuwa mpishi." Akanyanyuka. "Kila ninachotaka kukitunza nakiua kwa kukitunza. Bernard nilitaka asipate baridi. Huyu nilitaka ale. Hayo hayahitaji hadubini."

Nilisema mengi baada ya hapo. Nilimwambia nitamwita mfugaji mwingine, kuna mzee mmoja mjini Katowice anayejua kuliko mimi, atathibitisha. Akauliza kama huyo mzee ni rafiki yangu. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kwa upole, akafunika kopo, akaniomba nimfungulie mlango, maana ufunguo ulikuwa bado kwenye kitasa na mikono yake ilikuwa imejaa.

Nasikia habari zake kwa Truda, ambaye siku hizi hamsimangi tena. Anasema Bi Otylia amekataa kumpikia mtu yeyote, hata mpwa wake aliyetoka mji wa Gliwice kumtazama alipewa chai tupu. Anasema hagusi mtoto wa jirani, akiletewa ambebe anaweka mikono nyuma. Nilikwenda mara mbili. Mara zote alinifungulia, akanisikiliza nikirudia habari ya damu tangu mwanzo hadi mwisho, akanishukuru kwa kujisumbua.

Hakumuua. Mimi najua, na nimebaki kuwa mtu pekee anayejua. Ukweli ule ulikuwa mali yake, na wa kumpelekea nilikuwa mimi tu, mtu aliyeshamdanganya.